Siku 13, kilomita 65: jinsi ya kutembea ili watu waujue ugonjwa wa damu kuganda

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji, na siku ya 12 mguu wake wa kushoto ukavimba. Wa kushoto peke yake. Jirani mmoja akasema uzazi ndivyo ulivyo, utapungua wenyewe. Mwingine akasema amekanyaga kitu cha uchawi alichotegewa, kile ambacho Waganda hukiita ettalo, akataja mzee wa kumchanja chale. Zahanati ya kwanza tuliyompeleka ilimpa vidonge vya maumivu, tukarudi naye nyumbani. Usiku ule mama alimkanda mguu kwa maji ya moto na mafuta, kwa upendo wote alio nao, na mimi ndiye niliyeshika taa.

Siku ya tatu, kwenye hospitali nyingine, tabibu kijana alitoa mfukoni futi ya fundi cherehani, ile ya njano, ncha zimechakaa, akaizungusha kwenye vigimbi vya miguu yote miwili. Kulia sentimita 33. Kushoto 38. Akamgeukia mama, akamwambia kwa upole, "Mama, mguu huu usiukande tena." Jioni ile ile skani ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa paja, akaanzishiwa sindano. Dada yu hai, na mtoto wake sasa anasoma darasa la tatu.

Tangu hapo kila mwaka, tarehe 1 hadi 13 Oktoba, natembea kilomita 5 kwa siku hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na vijiji vya jirani, nikisimama kuongea na watu. Wenzangu wa Busia, Jinja na Bombo wameniuliza wafanyeje kwao. Nawaandikia hapa yote niliyojifunza, pamoja na niliyoyakosea.

Jua kwanza unakwenda kusema nini

Usianze na viatu. Anza na maarifa, maana njiani utaulizwa, na mtu akikuuliza jambo ukababaika, kilomita zako zote zimepotea.

Damu kuganda ni neema. Ukijikata kwa kisu cha kumenyea matoke, damu isipoganda utakwisha. Taabu huanza inapoganda ndani ya mshipa, mahali ambapo hakuna jeraha la kuziba. Mara nyingi hutokea kwenye mishipa ya ndani ya mguu, ile inayorudisha damu kwenye moyo. Damu hiyo inapanda kutoka chini kwenda juu, na kinachoisukuma ni msuli wa kigimbi: kila unapopiga hatua msuli unaubana mshipa, damu inapanda, na vizuizi vidogo ndani ya mshipa vinaizuia isirudi chini. Ukikaa au kulala muda mrefu bila kusogeza miguu, pampu hiyo imelala. Ndiyo maana kutembea kunafaa sana kuwa alama ya kampeni hii. Dawa yenyewe imo ndani ya tangazo.

Bonge likibaki mguuni, linavimbisha na kuuma. Likikatika kipande, kinasafiri na damu, kinapita moyoni na kukwama kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na jamaa wakabaki wakisema alianguka tu, alirogwa, alikuwa mzima jana.

Tarehe 13 Oktoba ndiyo Siku ya Thrombosi Duniani, yaani ya damu kuganda mshipani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2014. Ilichaguliwa kwa sababu ni siku aliyozaliwa daktari Mjerumani Rudolf Virchow, mwaka 1821, ambaye ndiye aliyeonyesha kwamba bonge la kwenye mapafu hutoka kwenye mishipa ya mbali na kusafiri. Madaktari mpaka leo hueleza mambo matatu kwa jina lake: damu iliyotulia, mshipa ulioumia, na damu inayoganda kwa wepesi. Uyashike hayo matatu, utaweza kujibu karibu kila swali. Dereva aliyekaa kwenye usukani usiku kucha, damu yake imetulia. Aliyevunjika mguu kwenye ajali ya boda, mshipa umeumia na mguu umefungwa plasta. Mama mjamzito, damu yake imejiandaa kuganda kwa ajili ya siku ya kujifungua, na tumbo linabana mishipa. Kwa wajawazito mguu wa kushoto ndio unaoathirika zaidi, kama wa dada yangu, na hatari hupanda zaidi wiki 6 za mwanzo baada ya uzazi. Ongeza saratani, selimundu, virusi vya Ukimwi, unene mkubwa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu aliwahi kupata bonge.

Kuna takwimu moja ambayo ningependa kila mmoja wetu aijue: hadi asilimia 60 ya mabonge haya hutokea mgonjwa akiwa hospitalini au ndani ya siku 90 baada ya kutoka. Kwa hiyo watu wa kuwafikia ni wale waliotoka hospitali juzi, na wanaowauguza nyumbani. Kuna nyingine utaiona imeandikwa sana, kwamba mtu 1 kati ya 4 duniani hufa kwa sababu ya damu kuganda. Ni kweli, lakini hesabu hiyo imejumuisha shambulio la moyo na kiharusi. Ukiitaja, sema hivyo, watu wasije wakadhani umewadanganya.

Chagua sentensi moja

Mwaka wa kwanza nilibeba karatasi yenye mambo 11. Mama mmoja sokoni alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniuliza, "Sasa unauza dawa gani?" Nilirudi nyumbani nikaikunja ile karatasi.

Sentensi yangu sasa ni hii: "Mguu mmoja ukivimba ghafla, usiukande, nenda hospitali leo." Inatosha kwa asiye na muda. Mwenye muda naongezea dalili: maumivu kwenye kigimbi au paja, joto unapogusa, ngozi kubadilika rangi. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kama unavyoandikwa vitabuni; tazama kama mguu umeiva zaidi ya mwenzake, unang'aa, umekaza. Kisha dalili za mapafu: kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa ndani, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzimia. Hizo hazingoji asubuhi.

Sentensi hiyo itafsiriwe na watu wa lugha zenyewe. Kwetu Kiswahili kinatosha mpakani na kwenye steji za boda, lakini bibi aliye kijijini anayekanda wazazi, huyo ndiye unayemhitaji, atakuelewa vizuri zaidi kwa Dhopadhola au Ateso. Nilimwomba mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, anitafsirie, kisha nikamsomea mtu mwingine asiyejua habari hizi ili aniambie amesikia nini. Fanya hivyo. Tafsiri ya kwanza ilikuwa imesema "miguu ikivimba", kwa wingi, na kiini chote kikapotea.

Upime mwili wako kabla ya kuahidi

Kama una dalili hizo nilizozitaja sasa hivi, hutembei kwa ajili ya wengine. Unakwenda hospitali.

Kama uliwahi kupata bonge na unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, unaweza kutembea, na ushuhuda wako ni mzito kuliko wangu, ila daktari wako aseme kwanza. Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, ahakikishe tarehe ya kipimo chake cha damu haiangukii katikati ya zile siku 13 bila mpango. Asibadilishe ghafla chakula cha majani mabichi: dodo (mchicha wetu) na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo ale kiasi kile kile alichozoea. Na magoti yakiuma, asinunue diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini duka la dawa, kwa sababu zikichanganyika na dawa zake anaweza kutokwa na damu ndani. Hili nalisisitiza kwa sababu kwetu diklofenaki inauzwa kama pipi.

Mjamzito, mwenye selimundu, mwenye presha au kisukari, naye amuulize anayemhudumia. Anaweza kutembea kilomita 1 mahali pa 5. Hakuna anayehesabu isipokuwa wewe.

Mazoezi yaanze katikati ya Agosti. Wiki ya kwanza dakika 20, mara tatu. Kila wiki ongeza dakika 10, mpaka ufike saa moja na robo, ambayo kwa mwendo wa kawaida ni kilomita 5 na ushei. Wiki ya mwisho ya Septemba tembea siku nne mfululizo uone miguu inasema nini. Miguu yangu ilisema viatu ni vidogo: baada ya saa moja mguu hutanuka, na kiatu kilichokutosha dukani kinakung'oa kucha. Nunua jioni, ukiwa umevaa soksi utakazotembea nazo. Vya mitumba vinafaa, mradi soli haijalalia upande mmoja. Lugabire, zile sandali za matairi ya gari, ni viatu imara na wengi wetu tumekulia humo, ila kwenye lami siku 13 mfululizo kamba zake zinachubua. Paka mafuta mazito katikati ya vidole. Lengelenge likitokea usilipasue, lifunike.

Panga njia kwa watu, usipange kwa umbali

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaopenda kutembea Kampala hadi Jinja, kilomita 80, barabara kuu moja. Inapendeza kuisimulia, lakini ukiwa ndani ya msitu wa Mabira unamwambia nani? Kilomita 5 zinazoishia kliniki ya wajawazito zina faida zaidi.

Chukua daftari, andika mahali ambapo watu walio hatarini hukusanyika, ugawe siku. Yangu huwa hivi, na wewe utabadilisha. Siku mbili kliniki ya wajawazito, ile siku yao ya wiki, na niliomba ruhusa kwa muuguzi mkuu wiki tatu kabla. Siku moja paki ya mabasi jioni, kabla ya mabasi ya usiku. Siku mbili kwa madereva wa malori Malaba, mpakani na Kenya. Siku tatu sokoni, maana soko hubadilisha watu. Siku moja steji za boda. Ijumaa msikitini, Jumapili kanisani, kwa kibali cha imamu na mchungaji. Tarehe 9 Oktoba ni Sikukuu ya Uhuru, watu wapo nyumbani na viwanjani. Hiyo siku natembea na wanafunzi wangu na wazazi wao. Tarehe 13 tunamalizia wote kwa pamoja hospitalini.

Kuhusu kutembea kwa kundi, hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Kila mwaka kabla ya Juni 3 mahujaji hutembea kwenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi waliouawa pale mwaka 1886, wengine wakitoka Kenya na Tanzania. Waangalie wanavyofanya: mtu wa mbele, mtu wa nyuma asiyempita yeyote, mahali pa kupokelewa panajulikana kabla, na wimbo. Kundi lisilo na mtu wa nyuma litamwacha mgonjwa njiani.

Barua, afande na rangi ya fulana

Ukiwa peke yako au na rafiki mmoja, mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wa kila mtaa unaopita, inatosha. Mkiwa kundi, andikeni barua kwa kamanda wa polisi wa wilaya, nakala kwa ofisi ya afya ya wilaya. Sheria ya Kusimamia Mikutano ya Hadhara ya mwaka 2013 inazungumzia taarifa ya maandishi isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 15 kabla. Shughuli za kijamii na za elimu zina nafasi yake katika sheria hiyo, lakini mimi siingii kwenye mabishano hayo barabarani. Napeleka barua siku ya 10 kabla, nagongewa muhuri kwenye nakala yangu, natembea nayo. Afande akinisimamisha namwamkia, namkabidhi, namweleza. Mmoja aliisoma yote, akauliza kama mama yake aliyelazwa yupo kwenye hatari. Tuliongea nusu saa.

Rangi nayo iangaliwe. Duniani kampeni hii hupenda nyekundu kwa sababu ya damu. Kwetu Uganda nyekundu ni siasa, njano ni siasa, bluu na kijani pia. Na kofia nyekundu aina ya bereti usiiguse kabisa. Vaa nyeupe, na maandishi meusi ya ile sentensi moja, mgongoni, yasomeke na aliye kwenye boda nyuma yako.

Futi

Hiki ndicho kifaa changu, na hununuliwa dukani kwa fundi kwa bei ya chapati chache. Beba tatu, kwa sababu watu watakuomba.

Mtu akae, nyayo zote zikanyage chini. Chini ya goti kwa mbele kuna kinundu cha mfupa. Kitafute kwa kidole. Shuka sentimita 10 kutoka hapo, weka alama kwa kalamu. Zungusha futi pale, iguse ngozi bila kubana. Soma. Fanya hivyo hivyo mguu wa pili, kwenye alama ile ile. Madaktari huona tofauti inayozidi sentimita 3 kuwa dalili ya kutiliwa maanani. Lakini sema wazi kila mara, mimi hurudia mpaka mara tatu: futi haimwambii mtu kwamba ni mzima. Mwenye tofauti ya sentimita 1 na kigimbi kinachouma tangu juzi, naye aende hospitali.

Anayepimwa akiwa mwanamke na wewe ni mwanamume, mpe futi ajipime mwenyewe au apimwe na mwenzake. Sokoni mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, alijipima mbele ya wenzake wote, akaanza kuwapima na wao, na nilipoondoka walikuwa bado wanasomeana namba kwa sauti. Nilimwachia futi ile.

Namna ya kuongea ukisimama

Salimia kwanza, na usalimie sawasawa: habari za nyumbani, watoto, biashara. Uganda hatumrukii mtu na ugonjwa kabla ya salamu. Kisha uliza, usihubiri: "Hapa kwenu, mtu mguu mmoja ukimvimba, mnasemaje?" Kaa kimya usikilize. Watakwambia uchawi, watakwambia matende, watakwambia baridi, watakwambia chumvi nyingi. Usicheke, na usimwambie mtu kwamba bibi yake ni mjinga. Mama yangu si mjinga. Alimkanda mwanawe kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuukanda mguu wenye bonge kunaweza kulikata na kulipeleka kwenye mapafu. Mimi huwaambia hivyo hivyo: "Mama yangu alikanda, na mimi nilishika taa." Baada ya hapo watu huongea nawe kwa namna nyingine kabisa.

Anayeamini ettalo simvutani naye juu ya imani yake. Namwomba jambo moja: hospitali iwe ya kwanza, na chale zisubiri. Mtu aliyeanza dawa za kuzuia damu kuganda akichanjwa, damu inaweza isikate.

Kwa madereva, maneno yawe ya kazi yao. Malaba nilimkuta dereva wa makamo kutoka Mombasa, amejinyoosha chini ya lori akisubiri foleni.

"Mwalimu, mimi nikifika hapa miguu yote imekuwa kama magogo. Ndiyo hiyo?"

"Yote miwili, sawasawa? Na asubuhi inapungua?"

"Yote. Nikilala inashuka."

"Basi hiyo kwa kawaida ni ya kukaa, mzee wangu. Ila siku ukiona mmoja umemshinda mwenzake, usingoje ufike Kampala."

Akakaa akavua viatu, akataka apimwe hata hivyo. Nikamweleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari karibu mara mbili. Sikumtisha: kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kwa kila wasafiri 6,000, lakini inaongezeka kadiri safari zinavyofuatana na sababu nyingine zinavyojumlishwa. La kufanya ni dogo. Gari likisimama, shuka, tembea. Abiria wa basi la usiku akunje na kunyoosha nyayo kila nusu saa, anyanyue visigino, anywe maji, asijibane mizigo miguuni. Wengi hawanywi maji kwa kuogopa haja njiani. Liongeleeni hilo wazi, kwa sababu ndilo linalowazuia.

Kliniki ya wajawazito ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Nawafundisha swali la kuuliza kabla ya kuruhusiwa: "Nina hatari ya damu kuganda? Nikirudi nyumbani niangalie nini?" Nawaambia pia kwamba mzazi asilazwe kitandani siku nzima kwa heshima. Akiweza kusimama, asimame, atembee uani, hata aliyepasuliwa, kadiri wauguzi walivyomwelekeza. Wakwe na mama wazaa chema waliokuja kumsindikiza binti, hao ndio nawaangalia usoni ninaposema hayo.

Vijana wa steji hudhani ni ugonjwa wa wazee. Kwao namtaja Serena Williams: bonge kwenye mapafu mwaka 2011, kisha tena mwaka 2017 baada ya kujifungua kwa upasuaji, na aliwasisitizia wahudumu wampige picha ya mapafu kwa sababu alizijua dalili zake. Bingwa wa tenisi, mapafu ya mwanariadha. Wananyamaza.

Barabarani kwenyewe

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukipambazuka. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo tembea kulia, ukiyaangalia yanayokuja. Kizibao kinachong'aa, hata mchana. Oktoba ni mvua, na Tororo inajulikana kwa radi. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba, usijikinge chini ya mwembe. Lita moja ya maji, ndizi mbili. Siku uliyoharisha au una homa, lala. Zile kilomita utazilipa kesho yake au usizilipe.

Ukichangiwa pesa, zipokee kwenye namba moja ya simu isiyo ya matumizi yako ya kila siku, na ubandike hesabu mahali waliochanga wataiona. Mimi siku hizi sipokei kabisa. Pesa zilinifanya nionekane muuza dawa.

Atakayekujia na mguu uliovimba

Atakuja. Kwangu alikuja siku ya nne ya mwaka wa pili, binti wa saluni, plasta imetolewa wiki moja nyuma. Kama hukujiandaa, utakuwa umemwogopesha halafu umemwacha.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya Oktoba nenda mwenyewe hospitali za karibu uulize: Mnafanya skani ya mishipa ya mguu? Siku zipi? Bei gani? Sindano za heparini, za kuzuia damu kuganda, zipo? Usidhani kila penye skani ya wajawazito wanaweza kuangalia mishipa. Andika majibu kwenye kadi ndogo. Kituo cha afya cha daraja la 3 kwa kawaida hakina daktari. Daraja la 4 kinatakiwa kuwa naye, na hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Mbale au Jinja, ndiko wengi huishia. Kadi hiyo mpe mgonjwa, nyuma yake umwandikie: mguu upi, tangu lini, vipimo vya futi, upasuaji au uzazi au safari ya karibuni, dawa anazotumia. Karatasi inasikilizwa pale ambapo msichana wa miaka 19 anaambiwa akapumzike.

Asikandwe, asichuliwe, asipewe mafuta. Akiwa anakosa pumzi au kifua kinamchoma, msitafute gari la wagonjwa mpaka kuche. Gari lolote lililo karibu, sasa hivi, na mtu wa kumshika asianguke. Usimpakie kwenye boda peke yake.

Chukua namba yake ya simu kwa idhini yake, umpigie jioni, umpigie tena baada ya wiki. Dawa za kuzuia damu kuganda hutumiwa miezi, kwa kawaida isiyopungua 3, na wengi huziacha uvimbe ukishapungua kwa sababu ya gharama. Kupiga simu huko ndiko kazi yenyewe, na hakuna anayekupiga picha ukifanya.

Tarehe 14

Osha miguu, nyanyua visigino juu ya mto, lala mchana bila aibu. Kisha chukua daftari uandike ukiwa bado unakumbuka: umeongea na watu wangapi, swali gani lilirudi mara nyingi, wapi ulifukuzwa, nani aliomba urudi. Peleka ukurasa mmoja ofisi ya afya ya wilaya na mwingine kwa kamanda aliyekupa nafasi. Mwaka ujao barua yako itasomwa haraka.

Mwaka jana niliacha futi moja wodi ya wazazi, imefungwa kwa kamba kwenye meza ya muuguzi wa zamu, na karatasi yenye namba za hospitali zinazofanya skani. Nitakapomaliza safari hii tarehe 13 nitapita kuiangalia. Ikiwa imekatika, nina nyingine mfukoni.